Sura ya Sita: Maji ya Saa Nne

Lita moja ya maji ya bomba ya Dar es Salaam, yenye nyuzi joto 25 hivi, inahitaji kilojuli 315 ili ichemke. Uichemshe kwa mkaa, kwa gesi au kwa umeme, deni ni hilohilo. Ukilipeleka deni hilo kwenye mita ya luku na kuongeza joto linalopotelea hewani, uniti moja ya umeme huchemsha takriban lita 10. Kikombe cha ofisini huchukua mililita 200. Uniti moja, basi, ni vikombe 50 vya chai.

Ofisi ya watu 40, kila mmoja akinywa kikombe kimoja, haimalizi hata uniti moja kwa chai ya saa nne. Majani na sukari vinakula pesa nyingi kuliko moto. Meneja anayefuta chai kwenye bajeti kwa hoja ya kubana umeme hajabana chochote, kwa sababu hamu ya chai haifutwi kwa waraka. Watu haohao 40 wakitoka kwenda kwa mama lishe, dakika 20 kila mmoja, zinapotea dakika 800, yaani zaidi ya saa 13 za kazi, na adhuhuri haijafika.

Kama kuchemsha ni rahisi kiasi hicho, mbona maji ya moto ni ugomvi usioisha katika sehemu nyingi za kazi? Huku foleni kwenye birika, kule chupa tupu, kwingine dispensa inayotoa maji ya uvuguvugu na chai yenye rangi ya maji ya mchele. Vifaa vyenyewe mara nyingi ni vizima. Vimenunuliwa tu bila kuuliza maji yanatakiwa saa ngapi, na yatasubiri kwa muda gani kabla ya kunywewa. Anayejibu maswali hayo mawili kabla ya kwenda dukani atanunua kifaa kinachofaa hata kama ni cha bei nafuu. Asiyejibu atanunua cha bei mbaya na bado watu watanung'unika.

Wote kwa mara moja

Saa nne ni saa ngumu kwa sababu watu wote wanaitaka. Mwalimu ametoka darasani, fundi ameweka spana chini, karani amefunga faili. Kiu ya siku nzima imekusanyika kwenye robo saa moja.

Nchi nzima inaweza kupatwa na jambo hilo. Tarehe 4 Julai 1990 Uingereza ilicheza na Ujerumani Magharibi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mechi ikaamuliwa kwa penalti. Mpira ulipokwisha, watazamaji waliinuka mbele ya televisheni, wakawasha taa, wakafungulia maji na, zaidi ya yote, wakawasha mabirika. Mahitaji ya umeme yakaruka kwa megawati 2,800. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo yake yote tisa ikizunguka, hutoa megawati 2,115. Yaani bwawa lile zima lisingetosha kuziba pengo la chai ya jioni moja. Waingereza wana kituo cha Dinorwig, huko Wales, ambako maji hupandishwa mlimani umeme ukiwa mwingi na kuachiwa yateremke ghafla unapohitajika. Wasimamizi wa gridi walikuwa wakifuatilia ratiba ya televisheni ili wajue lini waachie maji.

Ofisi yako haina Dinorwig, lakini ina tatizo hilohilo kwa kipimo kidogo. Piga hesabu ya birika la kawaida la lita 1.7 lenye nguvu ya kilowati 2. Huchukua dakika tano hivi kuchemka. Watu 40 wanahitaji lita 8, yaani kuchemsha mara tano. Hizo ni dakika 25 bila kuhesabu muda wa kujaza, na wa mwisho kwenye foleni anapata maji wakati wa kwanza amesharudi mezani. Kununua birika la pili kunapunguza foleni lakini kunaleta hatari nyingine, ambayo tutaifikia.

Kwa ofisi ya namna hii dawa ni boila, lile pipa la chuma lisiloshika kutu lenye bomba chini na kitufe pembeni, ambalo wapishi wa harusi na semina wanalijua vizuri. Boila haina haraka. Yenye lita 20 na kilowati 2.5 itachukua dakika 45 mpaka 50 kufikia kuchemka. Anayeiwasha saa nne kasorobo amechelewa. Iwashwe saa tatu, au kabla kidogo, na saa nne ikigonga watu 40 wanapita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sekunde chache.

Kosa la wengi ni kuijaza pomoni kila siku. Watu 40 wamekunywa lita 8, zimebaki lita 12 ambazo zinapoa taratibu na kuchemshwa tena alasiri, na maji yaleyale yanalipiwa mara mbili. Jaza kiasi kinachonyweka, ukihakikisha tu kwamba koili imefunikwa na maji, la sivyo itaungua.

Njombe si Tanga

Boila ina siri nyingine ambayo muuzaji wa Kariakoo huenda asikuambie. Maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila mahali. Kila unapopanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja hivi. Tanga na Mombasa maji huchemka kwenye 100. Nairobi huchemka karibu na 94. Njombe, karibu mita 2,000 juu, huchemka kwenye 93 hivi.

Sasa chukua boila ambayo thamostati yake imewekwa ikate umeme maji yakifika nyuzi 95. Tanga itafanya kazi yake sawasawa: inafika 95, inakata, inapoa kidogo, inawaka tena. Ipeleke Njombe. Maji yanafika 93, yanatokota, hayapandi tena. Thamostati inasubiri nyuzi mbili ambazo hazitakuja. Boila inatokota asubuhi yote, mvuke unajaa chumbani, rangi ya dari inabanduka, na luku inakimbia. Mtu analaumu boila kuwa ni feki, kumbe imewekwa kwa ajili ya pwani. Ukiwa nyanda za juu, nunua boila yenye kitufe cha kuchagua joto na uishushe mpaka isikie inapopaswa kunyamaza.

Birika la umeme halina shida hiyo. Birika linalojizima, ambalo lilianza kuuzwa Uingereza katikati ya miaka ya 1950, halipimi nyuzi joto za maji. Linapima mvuke. Ukilitazama kwa ndani, karibu na mpini, utaona tundu dogo. Maji yakitokota, mvuke unaingia tunduni, unapita kwenye njia nyembamba mpaka kwenye kisahani cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Metali hizo hazitanuki kwa kiasi kimoja zikipata joto, kwa hiyo kisahani kinajipinda ghafla, tak, na kusukuma swichi. Ile tak unayoisikia ndiyo kisahani chenyewe. Mvuke unatoka pale maji yanapotokota, iwe ni kwa nyuzi 100 au 93, na birika linazima mahali popote.

Hapo pia utaelewa kwa nini birika lililoachwa wazi halijizimi. Mvuke wote umetoka juu, hakuna uliopita tunduni. Mtu akilalamika kwamba birika limeharibika, mtazame kwanza kama anafunga kifuniko.

Adui mkubwa wa birika na boila ni maji magumu. Wafanyakazi waliohamia Dodoma wanajua ule utando mweupe unaoganda kwenye koili. Utando huo huzuia joto lisipite vizuri, koili inazidi kuwa na joto mpaka inaungua. Chemsha maji yenye siki au ndimu, yaache nusu saa, mwaga, suuza, chemsha maji safi na kuyamwaga. Ukifanya hivyo kila mwezi, birika la bei ya kawaida litadumu.

Chupa

Kama kuna chombo kimoja kilichojenga utamaduni wa chai makazini Afrika Mashariki, ni chupa ya chai. Iko mezani kwa hakimu, kwa mganga wa zahanati, kwa mlinzi wa geti. Ilizaliwa maabara. Mwaka 1892 James Dewar, mwanasayansi Mskoti aliyekuwa London, alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Akatengeneza chombo cha kuta mbili, akanyonya hewa iliyokuwa katikati yake. Pasipo na hewa joto halina pa kupitia kirahisi, na fedha iliyopakwa kwenye kioo hulirudisha lile linalotaka kupenya kama mwanga. Dewar hakukata hati ya uvumbuzi. Wajerumani wakaona kwamba kinachozuia joto kuingia huzuia pia joto kutoka, na mwaka 1904 wakaanza kuuza chupa hizo kwa jina la Thermos. Dewar alikwenda mahakamani, akashindwa.

Chupa haichemshi chochote. Kazi yake ni kuhamisha saa: maji yaliyochemshwa umeme ukiwepo yananywewa umeme ukiwa umekatika, na maji yaliyochemshwa mara moja yanahudumia wanaokuja kwa nyakati zao. Ukiwa na boila asubuhi na chupa nne kubwa kwa mchana, umekwisha kutatua saa nne na saa nane kwa kuchemsha mara moja.

Lakini chupa ina masharti, na wahudumu wazoefu wanayajua. Isuuze kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu kioo cha baridi kitakunywa joto la maji yako kabla hujafunga. Ijaze mpaka karibu na kizibo. Chupa iliyojaa nusu hupoa haraka. Joto jingi hutorokea mdomoni, hivyo kizibo kilicholegea ni hasara. Na chupa moja ya lita tatu hutunza joto kuliko tatu za lita moja, kwa sababu ina eneo dogo la kupoteza joto kwa kila lita.

Sharti la mwisho linahusu maziwa. Chai ya maziwa ikikaa chupani tangu asubuhi, joto linashuka mpaka mahali ambapo vijidudu vinajisikia nyumbani, na kufikia alasiri imeanza kuchacha. Mabaki yanayojificha kwenye mpira wa kizibo yanaharibu na chai ya kesho. Utaratibu mzuri ni chupa za aina mbili: ya chai ya maziwa, inayotakiwa iishe saa nne hiyohiyo, na ya maji matupu, inayobaki mpaka jioni. Ziwekee alama na usizichanganye.

Maji yanayosubiri siku nzima

Kuna sehemu za kazi zisizo na saa nne. Kituo cha simu cha huduma kwa wateja, chumba cha habari, hospitali: watu wanaingia na kutoka kwa zamu, na kiu yao imetawanyika. Boila hapa ni mzigo. Dispensa ndiyo inayoonekana kufaa.

Dispensa ina tangi dogo la maji ya moto chini ya ile chupa kubwa ya juu, na inalipasha tena kila linapopoa. Tangi likiisha, anayefuata atapata maji ya vuguvugu. Ndiyo maana dispensa inawafaa watu wanaokuja mmojammoja na inaaibika saa nne. Pia maji yake kwa kawaida hayafiki kuchemka. Hukaa kati ya nyuzi 85 na 95. Kwa kahawa ya unga yanatosha. Kwa majani ya chai nyeusi, yanayotaka maji yaliyotoka kutokota, kikombe kinatoka kimepauka. Na kwa kuwa hayachemki sawasawa, usiyategemee kusafisha maji. Chupa ya juu ikijazwa maji ya bomba yasiyotibiwa, dispensa haikuponyi.

Hesabu ya dispensa inafichwa na usiku. Wiki ina saa 168. Ofisi inayofunguliwa saa 9 kwa siku, siku tano, ina watu kwa saa 45. Saa 123 zilizobaki dispensa inajipashia maji peke yake gizani, Jumamosi na Jumapili nzima. Swichi ya ukutani, na mlinzi aliyeelekezwa kuizima jioni, vinaokoa kuliko kifaa chochote kipya.

Kwenye ofisi za Ulaya siku hizi kuna bomba linalotoa maji yanayotokota papo hapo. Wazo lilimjia Mholanzi Henri Peteri mwaka 1970 alipokuwa Unilever akishughulika na supu ya papo hapo: ya nini supu ya haraka kama maji yenyewe yanachelewa? Bomba lililozaliwa na wazo hilo huuzwa kwa jina la Quooker. Chini ya sinki kuna tangi lililozungushiwa ombwe, mithili ya chupa ya chai, na ndani yake maji yako kwenye shinikizo, yenye zaidi ya nyuzi 100 bila kutokota. Ukifungua, shinikizo linaisha na maji yanatokota hewani. Linakula umeme kidogo sana likisubiri. Lakini linataka maji yasiyokatika, yenye msukumo na yaliyochujwa. Jengo linalotegemea tangi la juu na boza la maji halijawa tayari kwa bomba hilo.

Chai inayokuja yenyewe

Njia ya zamani kuliko zote hizi haihitaji ofisi kununua chochote. Mombasa, Unguja na Kariakoo, muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, shingo nyembamba, na chini yake kijiko cha makaa kinachosafiri pamoja nalo. Mkono mmoja umeshika dele, mwingine unagonganisha vikombe, na wanaomngoja wanamsikia kabla hawajamwona. Makaa yale ni machache, hayatoshi kuchemsha maji baridi kwa haraka. Yanatosha kurudisha joto linalopotea tu, basi. Kahawa ilichemshwa nyumbani kwenye moto mkubwa, njiani inatunzwa kwa moto mdogo. Ni boila na chupa kwa pamoja, na inamfuata mfanyakazi.

Kwenye gereji na maeneo ya ujenzi kazi hiyo hufanywa na mama wa chai, ndoo yenye chupa mkono mmoja, maandazi mkono wa pili. Anajua fundi yupi hataki sukari na yupi atalipa Ijumaa. Mkandarasi mwenye akili haanzishi jiko lake. Anakubaliana na mama huyo saa ya kufika na idadi ya vikombe, na anamlipa kwa wakati.

Gesi, mkaa na usalama

Pasipo na umeme wa uhakika, gesi ndiyo mbadala. Kwa jiko la kawaida na sufuria yenye mfuniko, mtungi wa kilo 15 huchemsha lita 1,000 hivi, kazi ambayo umeme huifanya kwa uniti 100. Chukua bei ya mtungi kwenu, ilinganishe na bei ya uniti 100, jibu utalipata bila mshauri. Chai ya maziwa, hata hivyo, inataka sufuria, na hapo gesi ina faida yake.

Mkaa unaondoka. Serikali ya Tanzania imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi. Penye jiko la mkaa bado, likae nje au pasipozibwa. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini.

Umeme nao una masharti. Birika la kilowati 2 huvuta karibu ampea 9. Ekstensheni ya kawaida hubeba 13. Mabirika mawili kwenye ekstensheni moja, wote wakiharakia saa nne, ni ampea 18, na waya unaanza kunuka kabla fyuzi haijakatika. Kila birika liwe na soketi yake ukutani. Ile hita ya kuchovya, koili tupu inayotumbukizwa kwenye ndoo, isiingie kazini kabisa. Mtu akigusa maji ikiwa imewashwa anaweza kupigwa shoti, na ikitolewa majini bila kuzimwa inawasha meza.

Boila iwekwe juu ya meza imara, bomba lake liangalie ukuta au kona, pasipopitika. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na yanayotoka kwenye boila yana nyuzi 90 na zaidi. Palipo na watoto, kama shuleni au kliniki, chumba cha chai kiwe na mlango unaofungwa.

Kabla hujanunua

Bandika karatasi juu ya meza ya chai kwa wiki moja, iwe na mistari ya saa tatu mpaka saa kumi. Kila anayechukua kikombe aweke alama kwenye saa yake. Alama zikirundikana saa nne na saa nane, nunua boila ya ukubwa unaotosha na chupa kubwa. Zikitawanyika na watu hawazidi kumi, birika moja zuri linatosha. Zikitawanyika na watu ni wengi, chukua dispensa yenye swichi, pamoja na birika kwa wanaotaka chai ya majani.

Karatasi hiyo haitamwambia mhudumu wa ofisi jambo jipya. Yeye ndiye anayefika kabla ya wote, anajaza maji, anawasha, anajua siku ya kikao kikubwa ni siku ya chupa mbili za ziada, na anajua chupa ipi kizibo chake kimelegea. Hata hivyo, kamati ya manunuzi hukaa mara nyingi bila yeye. Mwiteni kwenye kikao. Mwulizeni maji yanaisha saa ngapi, yanabaki kiasi gani, na ni kifaa kipi kinampotezea muda. Kisha pitisheni anachosema, na muda anaoutumia kwenye maji uandikwe kwenye majukumu yake kama kazi, ulipwe kama kazi.